Nilimziba Mwanangu Kinywa kwa Asali

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkaanza kumtafuta mtu mwengine wa kumbebesha. Si mavyaa wangu, si mume wangu, si daktari. Ni mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, niliyesoma mpaka kidato cha nne na bado nikafanya mambo ambayo hata mbuzi hamfanyii mwanawe.

Jina langu sitalitaja. La mtoto sitalitaja pia, nitamwita Nunu. Kwetu ni Makangale, lakini nimeolewa Wete, mtaa wa Jadida, na naishi nyumba moja na mamake mume wangu. Huyo ndiye mavyaa ninayemsema. Mume wangu ni fundi wa kupiga plasta, kazi zake ziko Unguja, na huja nyumbani kila baada ya miezi miwili mitatu. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ni mimi, Nunu, mavyaa na baba mkwe, ambaye alikuwa amelala ndani kwa maradhi ya kiharusi.

Nunu alikuwa mtoto wa kuombewa. Nilikaa miaka minne kwenye ndoa bila ya kushika mimba, na katika miaka hiyo minne mavyaa hakunitupia neno hata siku moja. Nataka mlijue hilo, maana mbele huko mtaona nilivyomlipa.

Mtoto alipofika miezi sita akaanza udenda. Kila nguo inalowa, kila ngumi inaingia kinywani, usiku hatulali. Sikuwa na wasiwasi kwa sababu kliniki walishatufundisha. Muuguzi alitwambia mtoto anapoota meno umpe kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, atafune. Umsugue fizi kwa kidole ulichokiosha vizuri. Umfute udenda usimchubue kidevu. Akipata homa kali au akiharisha usiseme ni meno, mlete. Na jino la kwanza likitoka tu, hata liwe nusu, anza kulisafisha. Yote hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya na niliyafanya wiki mbili nzima, najiona mama hodari.

Asubuhi moja namuogesha, namsugua fizi kwa kidole, nikahisi kitu kinakwaruza. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikamlaza kwenye paja nikamfunua mdomo nilione hilo jino.

Lilikuwa la juu. Na pembeni yake jingine linachungulia. Chini hakuna kitu, fizi tupu.

Kwa msiojua mambo ya kwetu, mtoto anayeanza kuota meno ya juu huitwa kigego. Jina hilo kwa wazee si la mchezo. Wanasema kigego ana mkosi, kwamba hula wakubwa wake, yaani akitokea nyumbani basi mmoja katika wazazi au mababu hatochukua muda. Mimi nimelikuta neno hilo tangu udogoni Makangale. Vijana siku hizi hulicheka. Na mimi nililicheka, mpaka lilipoingia kwenye paja langu.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yangu tulikuwa tunachambua karafuu ukumbini, mavyaa akahadithia, hivihivi tu, kupitisha wakati. "Kulikuwa na ntoto kuno kwetu, zamani, kaanza kuota meno ya juu. Babake hakumaliza mwaka." Akaendelea kuchambua karafuu zake. Yeye alishasahau siku hiyohiyo. Mimi niliihifadhi.

Sasa fikirini. Chumba cha pili baba mkwe amelala, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, analishwa uji kwa kijiko. Na mimi nimemshika mkononi mtoto ana meno mawili ya juu. Akifa mzee, nani atabeba? Mwanangu wa miezi sita! Atakua na jina hilo, ataolewa na jina hilo kama ataolewa.

Nikamfunga mdomo, nikamvisha nguo, nikatoka kama sikuona kitu.

Kosa lenyewe lilianzia hapo.

Kuficha meno ya mtoto mchanga si kazi ndogo, kwa sababu mtoto mchanga hucheka ovyo. Anamchekea paka, anamchekea mlango. Na bibi yake alikuwa na mapenzi naye ya ajabu. Kila akitoka chumbani kwa mgonjwa hufika moja kwa moja kwa Nunu, amnyanyue, amchezeshe. Macho yake hayaoni vizuri vitu vya karibu, hilo lilinisaidia, lakini mpaka lini?

Nikaenda dukani nikanunua nyonyo ya mpira, ile ya kumtia mtoto mdomoni asilie. Nunu akaitema. Nikamtia tena, akaitema. Nilikuwa na chupa ya asali chumbani, ya kaka yangu anayerina kule kwetu ukingoni mwa msitu, alinipa nilipojifungua. Nikachovya nyonyo katika asali. Nunu akaikamata kwa fizi zote, akatulia, macho yakamlegea.

Siku hiyo niliona Mungu kanifungulia mlango. Bibi yake alipomnyanyua, mtoto amezibwa, ananyonya zake, hacheki, halii.

"Mbona ntoto humtoi hicho kidude?" mavyaa akauliza. "Acha tumwone akicheka."

"Meno yanamsumbua, mama. Akitolewa tu analia."

"Umechovya n'ni?"

"Asali ya Makangale."

"Asali shifaa," akasema, akanirudishia mtoto, akaingia ndani kwa mgonjwa wake.

Basi ikawa ndiyo kauli yangu kwa kila mtu. Asali shifaa. Na nani angebisha? Sisi tumelelewa kwa asali, kifua asali, kidonda asali. Hakuna jirani hata mmoja aliyeniambia niiache, na sikuwauliza, maana mtu aliyeshika uongo haulizi maswali.

Kliniki ya mwezi wa saba sikwenda. Ya mwezi wa nane nilikwenda, mtoto akapimwa uzito na nyonyo yake mdomoni, na muuguzi aliponyoosha mkono amwangalie kinywa nikasema kalala, msimuamshe. Muuguzi akaangalia foleni iliyokuwa nyuma yangu, akaandika kadi, akaita mwengine.

Nunu alipotimiza miezi minane, baba mkwe akafariki.

Ilikuwa asubuhi, nilikuwa jikoni nakoroga uji wake. Nikasikia mavyaa anatamka shahada kwa sauti ndogo, anairudia, na nikajua. Mnajua kitu cha mwanzo nilichokifanya? Sikukimbilia chumbani. Nilikimbilia kwa Nunu, nikatia nyonyo kwenye chupa, nikamziba.

Siku zile za matanga nyumba ilijaa wanawake na Nunu alinyonya asali kutoka alfajiri mpaka usiku. Nilimbeba mgongoni, nimemfunika kanga. Na niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimekaa baina ya wale wanawake wanaosoma, nikamgeuza mtoto mbele, nikamtazama, na moyo wangu ukasema: kweli kala. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe. Haikuzidi dakika moja, lakini ilikuwapo.

Mwezi uliofuata meno ya chini yakatoka. Alhamdulillahi! Nikamwita mavyaa mbio mbio kama ndiyo kwanza nashuhudia maajabu. "Mama, Nunu kaota jino!" Nikamvuta mdomo wa chini tu, kwa kidole, wa juu nimeubana. Mavyaa akapapasa kwa ncha ya kidole, akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu azike mume. Akamwombea mtoto dua ndefu. Nilisimama pale naitikia amina.

Mtasema sasa yamekwisha, kwa nini usiache asali? Ndiyo, na mimi nilidhani yamekwisha. Nilipanga nikae mwezi mmoja kisha nitangaze meno ya juu, mambo yawe sawa, nyonyo niitupe.

Lakini kwanza Nunu hakukubali kuiacha. Bila ya asali haitaki, na bila ya nyonyo halali. Nilijaribu siku tatu, akalia mpaka akatapika, nikamrudishia. Pili, siku nilipomfunua mdomo ili nione kama meno yanafaa kutangazwa, nilikuta ya juu yameshakuwa manne, na karibu na fizi yana mstari mweupe kama chokaa. Ya chini hayana. Nikafuta kwa kitambaa, haukutoka. Baada ya wiki chache mstari ukawa manjano. Kisha ukawa rangi ya chai.

Basi nikabaki katikati. Nikiyaonyesha, wataona ni makubwa, wataona yameharibika, na watauliza meno ya juzi yameoza vipi. Nikiyaficha, yanazidi kuharibika. Kila siku nilisema kesho nitakwenda hospitali, na kila kesho ilikuwa na sababu yake.

Na kumsafisha? Muuguzi alisema mswaki mdogo laini, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno kiasi cha chembe ya mchele. Mswaki niliununua. Nilimsugua ya chini kila siku mbele ya watu, ya juu sikuyagusa kwa sababu yakiguswa anapiga kelele, na akipiga kelele atakuja mtu. Kisha nikimaliza kumsugua nampa nyonyo yenye asali alale nayo mpaka asubuhi. Niliyajua mafundisho yote na nikayafanya kinyumenyume.

Alipofika mwaka na nusu akaanza kukataa chakula. Muhogo haung'ati, chungwa anapiga mayowe, maji ya baridi analia. Anakula kwa pembeni. Kila aliyeuliza nilimjibu meno yanaota. Homa, meno yanaota. Halali, meno yanaota. Neno hilo ni zuri sana kwa mtu mwenye la kuficha, kwa sababu mtoto wa umri ule kweli anaota meno na hakuna atakayekupinga.

Siku moja alilia tangu adhuhuri, nikaponda karafuu nikampaka kwenye fizi. Huku kwetu mtu akiumwa na jino kitu cha kwanza ni karafuu, na kwa mtu mzima inasaidia kweli. Mimi nilimpaka mtoto unga mkavu kwenye fizi laini. Akanyamaza kidogo, nikashukuru. Jioni fizi ikawa nyeupe imebabuka, na kile kilio alicholia baada ya hapo nakisikia hata leo. Nikamtuliza kwa nini? Kwa asali. Sikuwa na kitu kingine.

Aliyenikamata ni mavyaa, na hakunikamata kwa macho. Nilikuwa uani naanika nguo, Nunu amelala ukumbini kwenye mkeka. Alikuwa na miezi ishirini. Nikasikia naitwa.

"Mama Nunu. Njoo kuno."

Sauti haikuwa ya ukali. Nikaingia nikamkuta ameketi chini, mtoto yuko juu ya mapaja yake, nyonyo ameiweka pembeni kwenye kisahani. Mdomo wa juu wa Nunu ulikuwa umevimba, na uvimbe umepanda mpaka chini ya jicho. Asubuhi haukuwapo, wallahi haukuwapo.

"Kinywa cha ntoto hakinuki hivi," akasema. "Nimezaa saba mie, nawajua watoto."

"Meno yanaota, mama."

"Meno hayaoti kwa usaha."

Akanitazama. Nikatazama sakafu. Akamfunua mdomo kwa kidole gumba, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango ili aone, na nikaona kwa uso wake kuwa ameona. Meno manne ya mbele yalikuwa yamebaki vipande vyeusi, mengine yamekatika karibu na fizi. Juu ya moja kuna kijipu.

"Chukua buibui lako," akasema. "Twende spitali."

Daktari wa meno alikuwa dada wa makamo tu, mpole, ana miwani. Alimwangalia Nunu kwa taa, nimemshika mimi, na Nunu analia bila ya nguvu. Akauliza mtoto ananyonya nini. Nikasema nyonyo. Akauliza ina nini. Nikasema asali. Akasema asali mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi kabisa, inaweza kumdhuru hata pasipo na habari ya meno, na baada ya mwaka haiachwi ikalala kinywani usiku kucha. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

Kisha akachukua karatasi. "Meno haya yalitoka akiwa na umri gani? Yalitangulia ya juu au ya chini?"

Mavyaa alikuwa ameketi kwenye kiti pembeni yangu, mkoba wake mapajani. Uongo ulikuwa umeshanifika mdomoni, niliuzoea. Lakini nilimtazama Nunu na lile jicho lake moja lililoziba kwa uvimbe, nikashindwa.

"Ya juu," nikasema. "Alikuwa na miezi sita."

Daktari akaandika. Kwake yeye yalikuwa ni maandishi tu. Akasema, hata bila ya kunyanyua kichwa, kuwa watoto wengine huanza ya juu, si ugonjwa, na jambo hilo halina maana yoyote.

Mimi sikuwa namsikiliza yeye. Nilikuwa namwangalia mavyaa. Mkono wake uliokuwa juu ya mkoba ulianza kutembea. Kidole gumba kinagusa kidole kimoja, kisha cha pili, kama mtu anayevuta tasbihi bila ya tasbihi. Alikuwa anahesabu. Miezi sita, saba, minane. Akafika pale alipofika, mkono ukasimama.

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi kumi na minne nimemziba mtoto kinywa ili hesabu ile isipigwe, na sasa inapigwa mbele ya macho yangu, na meno hakuna tena.

Tulipewa dawa ya kupoza uvimbe na kuua vijidudu, tukaambiwa turudi baada ya siku tano yang'olewe. Siku tano zile mavyaa hakusema nami ila yale ya lazima. Chai hii hapa. Dawa ya mtoto wakati wake. Hakununa, hakugomba. Asali aliichukua yeye akaiweka kabatini kwake akafunga.

Mume wangu nilimwambia kwa simu. Akauliza kitu kimoja tu. "Na mimi pia ulinificha? Mimi ungeona ntamfanya nini mwanangu?"

Siku ya kung'olewa daktari alieleza kuwa atachoma ganzi, lakini mtoto wa umri ule hajui ganzi ni nini, ataogopa na atapigana, lazima ashikwe vizuri asije akajiumiza. Nikakaa naye kitini, nikajaribu kumkumbatia, mikono haishiki. Mavyaa akainuka, akafunga kanga yake kiunoni.

"We nshike kichwa," akasema. "Miguu ntashika mie."

Tukamshika. Nunu hakulia jina lake wala langu, alilia kwa herufi moja tu, ndefu, na alikuwa ananitazama mimi machoni muda wote. Mtoto anapoumizwa hutazama mamake amtoe. Na mimi ndiye niliyekuwa nimembana kichwa. Moja. La pili. La tatu lilivunjika ikabidi mizizi itafutwe. La nne. Sijui ilichukua muda gani, daktari alisema ni dakika chache.

Tuliporudi nyumbani mtoto akalala, pamba mdomoni. Mavyaa akaketi mlangoni mwa chumba changu. Hapo ndipo alipozungumza.

"Kwetu sie kigego akionekana," akasema, "huchinjwa kuku. Huitwa watu wawili watatu, husomwa dua, hula, wakenda zao. Yamekwisha. Kuku mmoja, mama Nunu. Banda langu lina kuku kumi na moja."

Nikaanza kulia. Nikamwambia mbona hukuniambia hilo, mama, siku ile uliyohadithia.

"Hukuniuliza. Na kuogopa ningeogopa, sikufichi. Mzee kalala ndani vile, nani asiogope? Siku ile spitali nilihesabu, uliniona. Lakini mzee kaanza kuanguka hata hiyo mimba hujaichukua. Hilo nililihesabu pia, nilipofika nyumbani. Ungeniambia tungelihesabu pamoja."

Akainuka akaenda kusali. Sikujua alinisamehe au hakunisamehe, na sijamuuliza.

Sasa Nunu ana miaka mitatu na nusu. Mbele juu hana jino, na daktari amesema hatokuwa nalo mpaka yatoke ya utu uzima, akiwa na sita au saba huko. Chuoni anakosoma Kurani watoto wanamwita kibogoyo. Maneno mengine hayamtoki sawasawa, mwalimu anamkosoa herufi ambazo ulimi hauna pa kuzigusia. Akirudi ananiuliza kwa nini wenzake wanayo na yeye hana.

Dada zangu, na nyinyi kina baba pia, sina cheo cha kumfundisha mtu yeyote. Lakini mtoto wako akitoa jino, lianzie juu, lianzie chini, lianzie pembeni, lioneshe. Mwite bibi, mwite babake kwa simu, mpeleke muuguzi alione. Likitoka tu lisafishe. Usimpake mtoto karafuu, wala usimchovyee asali wala sukari wala sharubati kwenye nyonyo, hata waseme shifaa, kwa sababu shifaa ina mahala pake. Usiruhusu neno "meno yanaota" likufunge macho. Na kama kuna mila unaiogopa, iulize kwa wenyewe. Mimi niliogopa jambo ambalo dawa yake ilikuwa inadonoa punje uani.

Ningependa kumalizia hapo, lakini ingekuwa naficha tena.

Magego ya Nunu yameanza kuwa na madoa. Daktari anasema yanaweza kuokolewa ikiwa atamwangalia mara kwa mara na mimi nikiendelea na mswaki asubuhi na jioni. Mswaki anakubali. Daktari hamkubali. Mara mbili tumekwenda na mara mbili ameubana mdomo, amejificha kwenye buibui langu, tumerudi bila ya kuangaliwa. Miadi mingine ni wiki ijayo.

Anaubana kwa sababu yangu. Mwaka jana aliniuliza, "Mama, nani kachukua meno yangu?" Nikasema daktari. Akasema, "Daktari mbaya." Nami, mamake, nikaitikia. Nikasema, ndiyo, mbaya.

Nimekuwa nikiitikia hivyo kila anapouliza. Nyinyi nisiowajua nimeweza kuwaambia ukweli. Yeye bado sijamwambia.